Majembe Yetu Yako Kituoni

Mto wetu hauna maji ya kuonekana. Mgeni akipita huku Kalama mwezi wa tisa atasema hiyo ni barabara ya mchanga tu imelala kati ya vilima. Maji yako chini. Unachimba kwa kikombe, unangoja, yanajikusanya polepole, baridi na safi, unachota mpaka mtungi ujae. Mama mkwe wangu alinionyesha hivyo mwaka nilioolewa. Kwa maji hayo nilimlea Muindi wangu, na kwa hayo hayo nikamwosha baba yake hadi Bwana alipomchukua.

Malori yalipoanza kushuka mtoni kuzoa mchanga, tulidhani ni ya wiki moja. Shimo la maji lililokuwa la kiwiko likawa la bega. Baadaye likawa la kuingia mtu mzima, mwingine akae juu kupokea. Mchanga ukiisha maji hayana pa kujificha, yanapita wakati wa mvua na hayarudi.

Siku Syokau alipotukuta nilikuwa ndani ya shimo, na juu alikuwa Kasiva, rafiki yangu tangu tukiwa maharusi. Nikasikia mtu anapiga picha.

“Ukitupiga picha ututoe vizuri,” Kasiva akasema. “Mimi urembo wangu uko upande huu wa kushoto. Huyo wa ndani usijali, ataonekana kichwa tu.”

Syokau alikuwa mjukuu wa jirani yetu wa zamani. Mama yake alimlea huko mjini, Mumbuni, akasoma mpaka chuo, akamaliza, kazi ikakosekana. Sasa alikuwa amefungua nyumba ya nyanya yake iliyokuwa imefungwa miaka mingi, akafagia popo, akakaa. Alikuwa anatuita mwaitu, yaani mama, lakini Kikamba chake kilikuwa cha mjini, kinachechemea.

“Mwaitu, mmekuwa mkichota hivi tangu lini?” akaniuliza.

“Tangu hao wa malori waje.”

“Na hakuna mtu amesema kitu?”

Kasiva akacheka. “Tumesema. Tumemwambia Mungu. Yeye ndiye hana shughuli nyingi.”

Kesho yake msichana akaja kwangu. Akakaa jikoni, akanisaidia kuchambua maharagwe, akaniambia kuna kikundi cha watu huko Mumbuni wanakutana kila Jumamosi kuongea juu ya maji, ardhi na haki ya mwananchi. Wanaenda ofisini kuuliza maswali, wanasafisha mitaro, wanapanda miti, na wakikataliwa wanasimama barabarani na mabango. Akaniomba niende nisikilize tu.

Niliomba kwanza. Sikusikia jibu la kunikataza, nikaenda.

Walikutana katika chumba kilicho nyuma ya hoteli ya Maryam, mama mmoja Mwislamu ambaye babu zake walikuja Machakos na biashara wakabaki. Alinipa chai kabla ya kuniuliza jina. “Keti hapa, mama,” akasema. “Hapa hatuna viti vya wakubwa.” Vijana waliongea kwa haraka, Kiswahili kimechanganyika na Kizungu, mengine yakanipita. Lakini nilielewa kwamba shida yetu ya mto si ya Kalama peke yake. Mwanamume mmoja alikuwa ametoka mbali, Ekalakala, akasema kwao mto umebaki mawe.

Mimi ni mtu wa kutazama. Niliona wanaume wawili wameketi karibu na mlango, hawakugusa chai, hawakupiga makofi wala hawakupinga. Nilipomwambia Syokau tukitoka, akasema, “Hao huja kila mara, mwaitu. Tumewazoea.”

Nikajiuliza moyoni mtu anazoeaje kitu kama hicho.

Nilianza kwenda Jumamosi zote. Nilipanda miche na wale vijana kando ya barabara, nikasimama nao siku moja nje ya ofisi ya maji nikiwa nimeshika karatasi ambayo sikuiandika. Muindi, ambaye anafanya kazi kiwandani huko Mavoko, akasikia.

“Mathe,” akaniambia kwa simu, “unatafuta nini huko? Wasee wa malori si watu wa kuchezea. Wewe si ukae tu kanisani?”

“Kanisa lenyewe limejaa mchanga wao,” nikamwambia.

Na ilikuwa kweli. Tulikuwa tunajenga kanisa jipya, na mwenye malori alikuwa ametumwagia mchanga uani, lori baada ya lori, bure. Jumapili moja alikaribishwa mbele tukamwombea. Mimi nilifumba macho kama wengine, lakini midomo yangu haikusema kitu. Mchungaji aliniona. Baada ya ibada akanishika mkono kwa upole.

“Mama Muindi, nasikia unatembea na hao vijana. Huo mchanga ni baraka.”

“Umetoka kwa kisima changu, mchungaji.”

“Mchanga ni wa Mungu.”

“Basi angetuuliza sisi watu wake kabla ya kuupakia.”

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akaenda.

Mwezi wa kumi ulipokaribia, malori yakawa yanashuka mchana kutwa. Syokau akatuita wanawake jikoni kwangu. Alitaka tukae kwenye ile njia wanayoshukia, tukae chini tu na mabango mpaka mkubwa fulani aje atusikize. Alikuwa ameshapeleka habari kituoni, kama sheria inavyotaka, kwamba yatakuwa maandamano ya amani ya watu wasio na kitu mkononi.

Neno maandamano likafanya wanawake waweke vikombe chini. Wote tulikuwa tumeona kwa televisheni watoto wa wenyewe wakianguka kwa risasi huko Nairobi.

“Mimi maandamano siendi,” Kasiva akasema. “Maandamano ni ya watu wa kukimbia. Na hili goti nitakimbia na nini? Mnataka polisi anipate wa kwanza, aandike kwamba amefanya kazi?” Wanawake wakacheka. “Lakini mkisema ni mwethya, nitakuja. Mwethya sijawahi kukosa.”

“Basi tuiite mwethya,” Syokau akasema. Alifurahi. “Jina si shida, mwaitu. Watu wafike tu.”

Akatuma ujumbe kwa simu za watu wote usiku huohuo, kwa jina lake: Alhamisi asubuhi, mwethya wa mto.

Kosa liliingia hapo, na hakuna aliyeliona. Mwethya ni kazi ya pamoja. Wiki hii tunachimba matuta katika shamba la huyu, wiki ijayo la yule, ndivyo mama zetu walivyoshika udongo wa vilima hivi usiende. Hakuna anayeambiwa abebe nini. Anayefika mikono mitupu hutungiwa wimbo papo hapo, na wimbo huo utamfuata mpaka siku ya mazishi yake. Sisi tuliolelewa huku tunajua hivyo kama tunavyojua kupumua. Syokau alilelewa Mumbuni.

Alhamisi nilifika mapema, na jembe langu begani. Syokau alikuwa amekaa juu ya jiwe akipanga mabango ya maboksi. Aliinua kichwa kunisalimia, akaona jembe. Akatazama nyuma yangu. Wanawake walikuwa wanateremka kilima mmoja mmoja na majembe, sururu, makarai, na wengine mapanga ya kukata mizizi. Kasiva alikuwa nyuma na panga lake la mpini uliofungwa mpira wa tairi, anaimba.

Sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia maji ya mafuriko kabla ya wengine.

“Mwaitu,” akaniambia kwa sauti ya chini, “hizi ni za nini?”

“Ni mwethya,” nikasema. Na nikiwa bado nasema, nikaelewa.

“Wekeni chini. Tafadhali mama zangu, wekeni zote huko kando, msishike kitu.”

“Tumekuja kufanya kazi ama tumekuja kuoga jua?” Kasiva akauliza. Lakini aliweka. Tukarundika vyombo vyetu kando ya njia, tukakaa chini, tukashika maboksi. Tuliimba wimbo wa kanisa, kwa sababu ndio tuliokuwa tunaujua wote.

Lori la kwanza lilipofika, gari la polisi lilikuwa nyuma yake. Halikuchelewa, ni kama lilikuwa linangoja mahali. Afisa alishuka, hakututazama sisi. Alitazama lile rundo. Akatoa simu, akalipiga picha kwa karibu, akarudi nyuma akalipiga tena, sasa na sisi ndani ya picha.

“Hawa ndio watu wasio na kitu mkononi?” akamwuliza Syokau.

“Ni vyombo vya shamba, afande. Hakuna aliyevishika.”

Alimpiga kofi ambalo sikuliona likitoka. Syokau akaanguka juu ya mabango. Alipoinuka damu ilikuwa kwenye meno. Tukapakiwa sisi tuliokuwa mbele, na majembe yetu yakapakiwa gari lilelile, chini ya miguu yetu, na njia nzima hadi mjini yalikuwa yanatugonga vifundo.

Kituoni walituhoji mmoja mmoja. Wangu alikuwa kijana mpole, ananiita mama.

“Mama, nani aliwaambia mje na silaha?”

“Hakuna.”

“Watu wote hao, kila mtu na panga, na hakuna aliyewaambia?”

“Panga zilikuwa chache. Mengi ni majembe.”

Akaweka kalamu. “Sikiliza. Hatuna haja na wewe. Tunajua ni huyu msichana anawachochea. Wewe sema tu kwamba Syokau aliwaambia mje na panga mzuie lori. Unaweka sahihi, unaenda nyumbani leo, na jembe lako. Mvua iko karibu, mama. Utalima na nini?”

“Hakusema hivyo.”

“Wenzako wameshasema alisema.”

Sikumwamini. Lakini jioni mchungaji akaja, akaruhusiwa kuingia, akatuombea kupitia vyuma. Kisha akaongea. Akasema serikali imewekwa na Mungu, na mtu akitaka kuokoa nyumba yake hafanyi dhambi. Kasiva alikuwa ameketi kando yangu, goti limefura. Ana wajukuu watatu kwake, mama yao alifariki.

“Mama Muindi,” akaninong’oneza mchungaji alipoondoka, “hawa watoto watakula nini nikikaa hapa?”

“Sijui.”

“Niambie nisiende. Ukiniambia sitaenda.”

Sikumwambia. Ningemwambiaje? Akaitwa, akaenda, na hakurudi. Wengine wakafuata. Asubuhi tulibaki wawili, Syokau chumba cha pili na mimi hapa. Mimi nilikuwa nimefundisha watoto wa Jumapili zile amri kumi maisha yangu yote, pamoja na ile ya kutomshuhudia jirani uongo. Sikuweza kuiruka nikifika mlango wa kituo.

Tukashtakiwa pamoja. Syokau kwa kuchochea watu wenye silaha, mimi kwa sababu mkutano ulifanyika jikoni kwangu. Kikundi cha Mumbuni kilitutoa kwa dhamana, na wakili mmoja kijana akatusimamia bila malipo. Maryam alikuwa anatungoja kila siku ya korti na chupa ya chai. “Kunywa,” ananiambia. “Haki inachelewa, chai isichelewe.”

Mvua ikaja, na majembe hayakurudi, hata kwa wale waliosema walivyotakiwa. Yalikuwa vielelezo. Yakawekwa chumba fulani kituoni, yamefungwa vikaratasi. Huku kwetu watu walipanda kwa kuazimana, wengine wakapanda kwa fimbo iliyochongwa. Mto ulipita juu ya mwamba siku mbili kwa kelele, halafu ukanyamaza. Hapakuwa na mchanga wa kushika kitu. Kasiva alikuwa akiniona njiani anageukia njia ya mbuzi.

Siku ya kusikizwa, Kasiva aliitwa kuwa shahidi wao. Alionyeshwa panga, akaulizwa kama ni lake. Akaugusa ule mpira wa tairi. Akasema ni lake. Akaulizwa kwa nini alilibeba. Kidole kikabaki juu ya mpira mpaka hakimu akamwambia aongee.

“Syokau alisema tuje nayo,” akasema, akitazama sakafu.

Wakili wetu aliniambia nje, wakati wa mapumziko, kwamba naweza kukaa kimya. “Mama, wana taarifa za mashahidi zilizofanana neno kwa neno, hiyo peke yake inatosha kumtia hakimu shaka. Ukipanda pale watakuuliza maswali. Kimya si dhambi.”

Nikamtazama Syokau. Alikuwa amekonda. Lile pengo la jino lililotolewa na kofi alikuwa amelizoea, analifunika na ulimi akiongea.

“Wewe unataka nini?” nikamwuliza.

“Fanya unavyoona sawa, mwaitu.”

Nilikuwa naamini ukweli ukisemwa wazi mbele ya watu utasimama wenyewe. Nikapanda, nikashika Biblia. Nikaeleza mwethya ni nini, tangu mama zetu. Hakimu aliandika. Hata karani aliacha kupekua makaratasi akasikiliza. Nikaona wakili wetu anaanza kutulia.

Mwendesha mashtaka akainuka. Hakuwa na sauti kubwa.

“Kwa hivyo kwa mila yenu, mtu akitangaza mwethya, kila mtu anajua aje na jembe au panga.”

“Ndiyo.”

“Bila kuambiwa.”

“Bila kuambiwa.”

“Kwa hivyo neno lenyewe ndilo amri.”

Hapo nikaona shimo. Lakini nilikuwa nimeshaingia.

“Ni desturi,” nikasema.

“Nani alituma ujumbe wa mwethya kwa watu? Umeapa, mama.”

Nilitazama ile Biblia. Ilikuwa imechakaa pembe kwa mikono ya waongo na wakweli. Wakili wetu alikuwa ananikodolea macho. Niliona ningeweza kusema sikumbuki, na mtu wa umri wangu angeaminiwa.

“Syokau,” nikasema.

“Sikusikia.”

“Ni Syokau aliutuma. Lakini hakujua maana yake. Alilelewa mjini.”

“Alikwambia hakujua?”

“Hapana.”

“Basi wewe ulijuaje?”

“Niliuona uso wake tulipofika na majembe.”

“Uso,” akasema, akageuka kwa hakimu, na watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya, vile watu hucheka mzee akikosea. “Sina swali lingine.”

Nilikuwa nimekataa kusema uongo kituoni ili nisimfunge, na ukweli wangu ukafanya kazi yote waliyokuwa wanataka ule uongo ufanye, na kwa uzuri zaidi, kwa maana hakuna aliyeweza kuupinga.

Alifungwa mwaka mmoja. Mimi, kwa sababu ya umri wangu na kwamba sijawahi kushtakiwa, nilipewa kazi ya kutumikia jamii badala ya jela. Walipokuwa wanampeleka Syokau chini kwenye seli, nilimshika mkono wa nguo. Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika.

“Nisamehe,” nikamwambia.

“Ungesema nini kingine?” akasema. Na kwa mara ya kwanza hakuniita mwaitu. Sijui kama alisahau. Mlango ukafungwa.

Maryam alinipa chai, nikabaki nimeishika. Alikaa tu na mimi pale nje mpaka ikapoa, akaimwaga, akanimiminia nyingine.

Afisa wa kusimamia vifungo vya nje alikuwa msichana nadhifu, anaitwa Tracy. Alinieleza nitakuwa nikienda ofisi ya chifu kila asubuhi, kulima ule uwanja wa mbele na kuchimba mitaro, mpaka muda wangu uishe.

“Uje na jembe lako,” akasema akiandika.

“Liko kituoni.”

Aliinua uso. “Kituo gani?”

“Cha polisi. Ni kielelezo. Limefungwa kikaratasi.”

Akanitazama kuona kama namfanyia mzaha. Alipoona si mzaha, aligeuza ukurasa. “Azima,” akasema.

Asubuhi ya kwanza nilienda na fimbo iliyochongwa, ile niliyopandia mahindi. Karani wa chifu aliitazama, akatikisa kichwa, akanionyesha pa kuanzia. Ofisi hiyo iko kando ya barabara inayotoka mtoni. Udongo ulikuwa umeshikana, fimbo inaingia kidogo tu. Malori yalikuwa yanapita nyuma yangu yamejaa, maji ya mchanga yanadondoka barabarani, mistari mirefu ambayo jua liliikausha kabla lori linalofuata halijaja. Niliomba nikiwa nachimba. Nilimwombea Syokau kwa jina, na nikamwuliza Bwana swali ambalo bado namwuliza.

Jua likiwa limepanda nikasikia mtu anakuja anachechemea. Sikugeuka. Akasimama upande wa pili wa mtaro. Alikuwa Kasiva, leso imefungwa kiunoni, goti limefungwa kitambaa.

Hakusalimu. Mimi pia sikusalimu. Akainama, akaanza kuchimba kutoka upande wake kuja wangu. Hakuimba. Kwa miaka yote niliyomjua, sijawahi kumwona akishika udongo bila wimbo.

Alikuwa amekuja na jembe la kuazima. Sikumwuliza ni nani aliyemwambia alilete.